Nilishangilia Barabara, Ikapita Sebuleni Kwangu

Jamani, kosa ni langu. Sikusukumwa na mtu, sikurogwa. Mdomo wangu ndio ulionivunjia nyumba.

Nilikuwaga nakaa Buhare, pembeni mwa mji wa Musoma, enzi zile vyama vingi vinaanza. Kila mtu alijijengea anavyotaka. Jirani yangu, Mama Nyangeta, akaweka banda la mbuzi dirishani kwangu kabisa. Mbuzi wanaingiza vichwa, wanakula pazia! Nikilalamika ananijibu, "Baba Magesa, si ufunge dirisha?"

Ukaja uchaguzi wa diwani. Mgombea mmoja, mzee mpole, akasema watu waachwe walipo, wachimbiwe mitaro tu. Wa pili, kijana wa suti, akakunjua ramani: viwanja vitapimwa, barabara zitanyooka, kila kilichojengwa ovyo kitaondoka. Mimi nikaona mbuzi wanaondoka. Huyo ndiye wangu!

Nilimpigia kampeni mpaka sauti ikakauka. Mkutanoni nikasimama, nikamnyooshea Mama Nyangeta kidole mbele ya watu: "Wanaoharibu mji ni hawa! Banda lake livunjwe la kwanza!" Watu wakacheka. Yule mama akajifunika kanga usoni, akaondoka.

Mke wangu Bhoke akaninong'oneza, "Hiyo ramani umeiangalia?"

"Wewe unajua nini mambo ya plani!"

Kumbe hata mimi sikuiangalia. Aibu gani hii!

Kijana akashinda. Wapima ardhi wakaja. Nikawapikia sato, nikawashikia na kamba ya kupimia barabara, naielekeza kwa mbuzi. Wapi! Ikaliacha banda pembeni, ikanyooka, ikaingia mlangoni kwangu, ikapita sebuleni, ikatokea chumba cha nyuma. Mungu wangu! Jiwe la mpaka wakataka kulichimbia chini ya kitanda cha mama mkwe, naye amekaa juu, anagoma kushuka!

Nikakimbilia kwa diwani wangu. Akanipigapiga begani. "Baba Magesa, wewe ni mwanachama wa mfano. Anza wewe kubomoa, wengine wajifunze."

Nikabomoa, huku nalia.

Kiwanja nilichopewa kilikuwa pori tupu. Kabla sijasimamisha hata nguzo, mvua ikatukuta nje na magodoro, bado tuko pale tulipobomoa. Na aliyetuita ndani, mnajua nani? Mama Nyangeta! Mbuzi akawahamishia jikoni kwake, akafagia lile banda, akatutandikia nyasi kavu. Hakunicheka hata kidogo. Afadhali angenicheka!

Nikamwomba msamaha mbele ya mke wangu na mama mkwe. Akanisukumia sahani ya ugali. "Kula kwanza."

Nikala, ndugu zangu.

Basi nawaambia: mgombea akikunjua ramani, sogea karibu, tafuta paa lako kabla hujapiga makofi. Na ukimchukia jirani, mchukie kimya kimya, maana hujui mvua ikinyesha utalala kwa nani.