Mpangaji wa Mkorosho

Nimefundisha sayansi ya shule ya msingi hapa Ukunda kwa miaka mingi, na kila mwaka nimeandika ubaoni sentensi ile ile: mizizi hufyonza maji kutoka ardhini. Watoto huikariri kwa sauti moja mpaka madirisha yanatikisika. Siku hizi nikiifikia sentensi hiyo huwapa mgongo wanafunzi wangu nikajifanya nafuta ubao, maana naona haya na sitaki watoto wadogo wanione uso.

Mambo yenyewe yalianzia kwa mama yangu mkubwa, dada wa mama, ndiye aliyenilea. Aliishi juu kwenye milima ya Shimba, upande unaopokea upepo wa bahari, na shamba lake lilipakana na kaya. Kaya ni msitu wa wazee wetu sisi Wadigo, na sheria yake kila mtoto wa huko anaijua kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Huingii bila ruhusa ya wazee, na hutoki na kitu, hata kijiti cha kuchokolea meno. Mama mkubwa alikuwa mtu wa swala tano, na bado akipita kando ya kaya alikuwa anapunguza sauti. Nilipomtania, alinijibu kwamba dini ni dini na adabu ni adabu, na mimi nimepungukiwa zote mbili.

Nyuma ya nyumba yake palikuwa na mkorosho mzee, na juu ya tawi lake nene palikaa okidi. Mumewe, Mungu amrehemu, aliikuta kwenye mti ulioanguka shambani mwao wenyewe, akaipandisha mkoroshoni na kuifunga kwa kipande cha leso ya arusi ya mkewe. Mwaka uliofuata mume akafa. Okidi ikabaki. Mashina yake yalikuwa manene, yamesimama pamoja kama miwa midogo, na mara moja kwa mwaka ilitoa maua ya manjano yenye madoadoa ya hudhurungi. Siku hiyo mama mkubwa alivaa nguo safi, akatoa kiti nje, akakaa nayo mpaka adhuhuri. Hakusema kwa nini, na hapakuwa na haja ya kumwuliza.

Okidi hiyo aliiita mpangaji. Siku moja, ndiyo kwanza nimetoka chuo cha ualimu na kichwa kimenivimba, nikamwambia, "Mama, huyu si mpangaji, huyu ni kupe. Anaunyonya mkorosho wako."

"Mwongo we!" akasema. "Mbona korosho nachuma kila msimu? Kapanga chumba tu huyu. Chakula anajipikia mwenyewe, na maji anateka mwenyewe."

"Anateka wapi, na kisima kiko chini?"

Akanyoosha kidole kuelekea bonde, ambako ukungu wa asubuhi ulikuwa unapanda polepole kutoka upande wa bahari na kuingia katikati ya miti. Nikacheka. Wallahi nilicheka, na bado nakisikia kile kicheko.

Miaka michache iliyopita kisukari kilimpata mguuni. Kidonda kilikataa kupona, akalazwa hospitali ya Msambweni kwa wiki nyingi. Jirani alichukua kuku na mbuzi wake mweupe, yule aliyempa maziwa ya chai. Mimi niliachiwa ufunguo wa nyumba na mpangaji. Kitandani pale alinishika mkono akaniambia, "Mwalimu, nakujua. Usimfanyie kitu. Akikunja uso, mwache. Akipukutisha majani, mwache. Nataka nikirudi nimkute, basi. Sina jingine ninalolitaka duniani."

"Nimesikia, Mama," nikasema.

Nilisikia, ndiyo. Lakini ulikuwa mwezi wa pili, kaskazi imepamba moto, na nilipopanda mlimani Jumamosi ile nilikuta mashina yamenywea na kujikunja mikunjo, majani nusu yameanguka, mizizi imekuwa myeupe pe kama chaki. Nikaona mgonjwa wa pili. Na badala ya kukumbuka maneno ya mwenye mali nikakumbuka ubao wangu: mizizi, maji, ardhi. Nikajiambia, huyu mama hakusoma, atauacha mmea ufe kwa sababu ya imani zake. Nikapanda na kisu. Mizizi ilikuwa imelishika gome la mkorosho mpaka ikabidi niikwangue, na mingine ilikuwa imepenya ndani ya kile kipande cha leso na kutokea upande wa pili. Leso nayo niliipasua. Nikaipakata okidi kwenye pikipiki mpaka Ukunda, najiona daktari.

Nyumbani niliitia kwenye ndoo yenye udongo mweusi na samadi ya mbuzi, nikaimwagilia asubuhi na jioni. Maji ya mfereji yalikuwa yamekatika kama kawaida yake, kwa hiyo nilichota kisimani, na anayeishi pwani ya Diani anayajua maji ya visima vyetu. Ukioga, sabuni haitoi povu. Ukipika chai, wageni wanaacha vikombe nusu.

Wiki ya kwanza mashina yalijaa. Nikapanda gari mbio mpaka Msambweni kwenda kujisifu. "Mama, mpangaji wako amenenepa!"

Hakufurahi. "Amenenepa? Kiangazi hiki? Mwanangu, umemfanya nini?"

"Sijamfanya kitu."

Huo ndio uongo wa kwanza. Kama uongo una uzito, ule ulikuwa mwepesi kuliko wote uliofuata, na hata huo mpaka leo sijaweza kuutua.

Wiki ya tatu shina moja lilianguka lenyewe. Nililigusa likabonyea, likatoa maji ya kahawia yenye harufu ya samaki aliyelala. Nikazidisha maji! Ala, ndiyo akili yangu ilipofikia, nikadhani ina kiu. Kufika wiki ya tano palikuwa na ndoo ya tope na kitambaa. Kila Jumamosi nilikaa kando ya kitanda cha mama mkubwa, naye aliuliza jambo moja kabla hata hajaitikia vizuri shikamoo yangu: "Mpangaji hajambo?" Nami nikasema hajambo, anakusalimu.

Yale ambayo ilinipasa kuyajua niliyasoma baadaye, nimechelewa. Mmea unaoishi juu ya miti haukai na maji kama mchicha. Mizizi yake imevaa ngozi nyeupe yenye vitundu, kama sifongo. Ukungu ukipita, ngozi ile hunywa haraka na kugeuka kijani. Ukungu ukiondoka, hukauka tena, ikawa koti la kuzuia maji ya ndani yasitoke. Mizizi ile huihitaji hewa kama inavyohitaji maji, ndiyo maana udongo wa ndoo yangu uliisonga pumzi. Maji yaliyopatikana hutiwa akiba kwenye mashina, na kiangazi kikija mmea huo huyatumia tone kwa tone. Mingi ya mimea hiyo hufunga vitundu vya majani jua linapokuwa kali, na ikizidiwa hudondosha majani yenyewe ili kupunguza matumizi. Mikunjo ile niliyoiona mkoroshoni haikuwa kufa. Mpangaji alikuwa anakula akiba yake kwa mpango, kama mama mkubwa mwenyewe alivyokuwa anakula unga wake mwezi wa mwisho kabla ya mavuno. Nikaja mimi na ndoo ya maji ya chumvi.

Mwezi wa tano alipiga simu, sauti imechangamka: daktari kasema Alhamisi anatoka. Nikamwambia alhamdulillahi. Nikakata simu, nikaketi chini sakafuni.

Ningemwambia tu. Nimejirudia neno hilo mara nyingi sana. Angenitukana, angelia, yangeisha. Lakini mimi ni mwalimu, mtu wa kuwasahihisha wenzake kwa kalamu nyekundu, na sikuwa na pa kuuweka uso. Nikatafuta okidi ya kununua, nikazunguka kwa wauza maua wote wa barabara ya Diani. Walikuwa na vijitoto viwili vya urefu wa kidole kimoja. Kubwa kama ya mama mkubwa haikuwepo, na nilijua zilipobaki.

Jumatano alfajiri niliingia kaya. Sikuomba ruhusa. Masika yalikuwa yameanza na ukungu umetanda mpaka sioni mbele hatua kumi. Mvua haikuwa inanyesha, lakini msitu wote ulikuwa unadondosha maji, ti, ti, ti, kila mahali. Nilipanda mti, na nilipolishika tawi la kwanza kiganja kilizama ndani ya kuvumwani, ule ukoga laini unaofunika magome, maji yakanitiririka kupitia mkono wa shati mpaka kwapani. Juu kule palikuwa na shamba zima lisilogusa ardhi: kangaga zimekusanya majani makavu kifuani mwao na kuyageuza mboji, mizizi imening'inia hewani imegeuka kijani, inakunywa. Yote ilikuwa inakunywa mbele ya macho yangu. Hapo ndipo nilipoelewa kidole cha mama mkubwa kilikuwa kinaonyesha nini. Nikaelewa, na bado nikatoa kisu. Sijui nimweleze nani jambo hilo akaniamini, kwamba nilielewa kwanza ndipo nikaiba.

Nilikuta okidi kubwa, nikaikata, nikaibeba kwenye gunia. Nikaifunga mkoroshoni kwa kile kile kipande cha leso, nilichokuwa nimekifua.

Alhamisi tulimfikisha nyumbani. Kabla hajaingia ndani alitaka apelekwe nyuma. Akaegemea mkongojo wake, akainua mkono, akaupitisha mzizi mmoja chini ya dole gumba lake, taratibu, toka mwanzo mpaka mwisho. Kisha akaigusa leso. Kisha fundo.

"Ahsante, mwanangu," akasema. "Kachoka. Na mimi nimechoka. Niingizeni ndani."

Nikashusha pumzi. Nikajiambia, umepona.

Wiki mbili baadaye nilipokwenda kumjulia hali alinipa chai ya strungi, haina tone la maziwa. Nikauliza mbuzi yuko wapi. "Kaenda zake," akasema. "Kunywa chai." Nikadhani kamwuza kwa ajili ya dawa, na nikaona haya kuuliza zaidi. Kabla ya mwaka kwisha okidi ilichanua. Alinipigia simu niende. Nilimkuta kavaa nguo safi, kiti nje, na kiti cha pili kando yake, ambacho hakikuwahi kuwepo miaka yote ile. "Keti," akasema. "Mtazame vizuri." Tukaketi mpaka adhuhuri, nami nilikuwa na furaha, Mungu anisamehe. Nilidhani nimemrudishia kitu.

Alifariki miezi mitatu baadaye, mguu ule ule.

Siku ya arobaini, baada ya hitima, watu wanatawanyika, walinijia wazee wawili wa kaya. Nikawaamkia. Yule mkubwa wao, ambaye nimemjua tangu utoto, akasema, "Tumekuja kumchukua mpangaji. Tulikubaliana na marehemu akae hapa mpaka mwenye nyumba aondoke duniani. Tuliona tukimhamisha tena atakufa."

Nikauliza, "Mlikubaliana lini?"

"Ala, hakukwambia? Siku chache baada ya kutoka hospitali. Alikuja yeye mwenyewe, na mguu ule, anakongoja, anamvuta mbuzi wake mweupe. Alisema kuna kitu kimetoka kaya na kiko kwake, na kwa mujibu wa ada kaleta faini. Tulimkemea sana, mwalimu, nitakuwa mkweli. Mtu kama yeye! Akaomba radhi mbele ya baraza zima, kapiga magoti, tunamzuia kwa sababu ya kidonda naye anakataa." Akatazama mkoroshoni. "Alisema wewe ulikataa kabisa kuingia, lakini yeye ndiye aliyekutuma, kwa uchungu wa kufa kwa ule mmea alioachiwa na mumewe. Tukasema basi, mtoto haadhibiwi kwa kumtii mzazi. Hatukukuita."

Mwenzake alikuwa tayari kaegemeza ngazi mkoroshoni, anahangaika na fundo langu. Mizizi ilikuwa imekwisha penya ndani ya leso.

Mzee akanitazama usoni. Hakuwa ananishuku. Alikuwa anataka tu neno la kufungia maongezi, kama watu wanavyofanya msibani.

"Ndivyo ilivyokuwa?" akauliza. "Ndiye aliyekutuma?"

Kaburi lake lilikuwa hatua ishirini kutoka pale tuliposimama, udongo wake bado mwekundu.

"Ndiyo, mzee," nikasema. "Alinituma."