Mwishehe Mfunika Jua

Mwishehe wa Temeke alikuwa na kazi ya kulifunika jua, na wallahi sitii chumvi. Enzi hizo za Mwingereza, kwenye uwanja wa kupimia hali ya hewa palikuwa na chombo chenye kibati cheusi. Kikipata joto la jua, mshale wake unapanda. Mwishehe akikifunika, unashuka. Karani Gozbert, Mhaya mmoja mwenye miwani, ndiye aliyeshika saa kuona mshale unakawia kiasi gani. Chombo kikiwa chepesi kuhisi joto, kinabaki. Kikiwa kizito, kinarudishwa Ulaya, na Mwishehe anarudi bandarini kubeba magunia.

Shoga yangu Mwanabaraka alikuwa kachumbiwa na huyo Mwishehe, ila baba yake, Mzee Mfaume, aligoma kutaja siku ya ndoa. "Kufunika jua nayo kazi?" Siku ya kipimo akaja kujionea mwenyewe, tarbushi kichwani, mie na bintiye nyuma yake.

Kumbe kifuniko cha mbao kimeliwa na mchwa! Mwishehe, maskini ya Mungu, akavua kofia aliyoshonewa na mchumba wake, akafunikia. Mshale ukashuka, ukafika katikati, ukagoma.

"Kizito hiki," Gozbert akasema. "Kinarudi."

Mwishehe jasho likamtiririka. Mzee Mfaume akakohoa, kile kikohozi chake cha kuvunja posa. Nilitamani nimzibe mdomo na kanga yangu.

Mwanabaraka akaangua kicheko. "Jamani! Kofia ya viua hiyo! Matundu nimeyatoboa mwenyewe ili kichwa kipate hewa. Jua litaacha kupita?" Hatujakaa sawa, kampokonya baba yake tarbushi, kaifunika juu ya kibati. Mshale ukaanguka mara moja.

"Chepesi!" Gozbert akapiga kelele. "Kinabaki! Ila turudie, tuhakikishe."

Sasa Mzee Mfaume, ambaye Temeke nzima haikuwahi kuuona upara wake, kasimama juani kichwa kinameta, majirani wanachungulia uwanjani.

"We mtoto, nipe tarbushi yangu!"

"Taja kwanza siku ya ndoa, baba," Mwanabaraka akasema kwa adabu zote, mkono kaukandamiza juu ya tarbushi.

"Ijumaa!"

"Ijumaa ipi, baba?"

"Hii hii! Lete!"