Vichupa Vitatu vya Damu ya Zuleha

Kuruthum wa mji wa Ibra si mtu wa kuamini upesi. Alishona na kuuza nguo miaka ishirini kwenye soko la wanawake la Jumatano, na kitambaa hakinunui mpaka akilowanishe ncha aone kama kinachuja.

Mwaka jana mdogo wake, Zuleha, alianza kunyamaza. Aliacha kupika, akaacha kuoga, mwisho akaacha kula. Vidonge vya namna tatu havikumfaa. Alipomaliza siku nne kwa maji ya kijiko tu, mwanawe Muatasim alimpeleka hospitali mjini Nizwa, na daktari akasema iliyobaki ni tiba ya umeme.

"Umeme? Kwani huyu friji?" Kuruthum aliuliza.

Daktari Abeer alikuwa bado kijana, na Kiswahili alikipata kwa bibi yake wa Pemba. "Khalti, mama mkubwa, tunamlaza usingizi kwa dawa kwanza, hasikii kitu. Dakika kidogo tu, khalas, kwisha."

Muatasim akatia saini. Kuruthum akahamia wodini, akakaa macho.

Akaona jambo. Kabla ya umeme muuguzi alimtoa Zuleha vichupa vitatu vya damu, na baada ya umeme vitatu vyengine. Mara ya pili hivyo hivyo. Ugonjwa uko kichwani, damu ya mkononi ya nini?

"Ya utafiti," muuguzi akamjibu.

Neno hilo likamkaa vibaya. Akamvuta Muatasim nje. "Karatasi ya damu iko wapi?"

"Zilikuwa mbili, khalti. Nilitia saini zote."

"Ulizisoma?"

Hakuzisoma.

Kuruthum akamwendea daktari. Abeer akamwekea kiti. "Mwili una askari wake, wanaopigana na maradhi. Kwa wagonjwa wengine wa huzuni kubwa, hawa askari wanakaa wamechachamaa na adui hayupo. Umeme ukipita, wanazidi kwa saa chache. Wiki zikienda, kwa baadhi ya watu, wanatulia. Tunapima kwenye damu tujue: kutulia huko ndiko kunakowaponesha, au kunafuatana tu na kupona?"

"Kwa hivyo hamjui."

"Kusaidia, unasaidia wengi, hiyo tunajua. Vipi unasaidia, bado."

Kuruthum hakulala vizuri. Angalidanganywa angalijua la kufanya.

Mara ya tatu muuguzi alipokuja na sindano, Kuruthum aliufunika mkono wa mdogo wake kwa viganja vyake viwili. "Damu leo haitoki."

Abeer akaitwa. "Sawa, khalti. Umeme tutampa kama kawaida."

Kuruthum akangoja adhabu. Alidhani watamrudisha Zuleha nyuma ya foleni, au watamtia umeme mdogo. Siku ile Zuleha akaingizwa wa mwanzo. Hilo nalo akalitilia shaka.

Baada ya mara ya sita, Zuleha alionja supu, akakunja uso. "Nani kapika hii? Haina chumvi."

Kuruthum aligeukia ukutani akalia, mtandio wa shungi mdomoni.

Kesho yake Abeer alikuja na muuguzi na karatasi ya utafiti, akampita Kuruthum, akakaa karibu na Zuleha. "Zamani ulikuwa huwezi kujibu, mwanao alikujibia. Sasa nakuuliza wewe." Akamweleza yote tangu mwanzo.

"Nikikataa?" Zuleha aliuliza.

"Tunaacha, na damu ile ya mwanzo tunaimwaga ukitaka."

"Usikubali," Kuruthum akasema.

"Dada, mkono huu wangu." Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa yake. Akakunja mkono wa nguo, akamnyooshea muuguzi mkono.

Kuruthum akasogea, akamtaka muuguzi asome kwa sauti jina lililoandikwa kwenye kila kichupa.

Waliporudi Ibra, mke wa Muatasim alileta mtoto mchanga. Zuleha akampokea kwa furaha.

"Mashaallah. Wa nani huyu?"

Zuleha alikuwepo mtoto akizaliwa, miezi mitatu nyuma; kumbe umeme umemfutia kumbukumbu hiyo.

"Mjukuu wako, mama," Muatasim akasema. "Israa."

Zuleha akalirudia jina polepole, akamnusa mtoto kichwani, akacheka. Kuruthum alisimama mlangoni hajui ashukuru au akasirike. Hata leo, ukimuuliza, atakwambia hajaamua.