Siku Niliyompokonya Baba Nyundo

Mwanangu, kuna Jumamosi moja ambayo siisahau, na leo nimeikumbuka tena nilipokuita mara tatu nawe umeziba masikio kwa muziki wa simu. Kaa hapa. Sikukaripii. Sina hata haki ya kukukaripia, utaona mwenyewe.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Tulikaa mtaa wa Maringo, chumba kimoja, na baba yangu alikuwa fundi wa masanduku ya bati, yale ambayo wanafunzi wa shule za bweni hubeba. Aliyatengenezea uani, mbele ya mlango wetu, asubuhi mpaka jioni, nami nilikuwa nimeanza kuona haya. Akiniita nimshikie bati, nilijifanya sijasikia. Baadaye akaacha kuniita, nikafurahi. Ndivyo nilivyokuwa, sikufichi.

Siku hiyo rafiki yangu Odhiambo alikuja na kaseti. Kaka yake aliyekuwa akisoma Ujerumani ndiye aliyemtumia: albamu nzima ya bendi ya roki ya huko, watu wa kujaribu-jaribu mambo, walioweka magita kando wakawa wanagonga mabati, mabomba na springi za lori. Muziki gani huo, utauliza. Hata mimi sikuuelewa, lakini nilifumba macho na kutikisa kichwa, maana ulitoka ng'ambo na Odhiambo alikuwa ananitazama.

Na huko nje baba alikuwa anagonga. Nikafunga dirisha, nikaongeza sauti ya redio ya kaseti. Mwishowe nikalifungua tena, nikamwambia kwa ukali apumzike kidogo, tuna mgeni. Hakugeuka. Nikarudia, hakugeuka. Nikaona ananidharau mbele ya mwenzangu. Nikatoka, nikampokonya nyundo mkononi.

Baba alishtuka kama mtu aliyeamshwa ghafla. Mama, aliyekuwa akifua nguo papo hapo, alisimama na povu mikononi.

"Mzungu akigonga bati unafumba macho," akaniambia. "Babako akigonga unafunga dirisha. Na hata hujui kwamba hasikii. Masikio yake yamekufa tangu Pasaka."

Tangu Pasaka, mwanangu, na sasa ilikuwa Agosti. Majirani walijua. Wateja walimwonyesha kwa mikono ukubwa wa sanduku wanalotaka. Mimi niliyelala chumba kimoja naye sikujua, kwa sababu miezi yote hiyo sikuwa nimemwambia neno lolote lililohitaji jibu. Nilikuwa najifanya sisikii, kumbe yeye hasikii kweli.

Niliaibika. Sikujua la kufanya, nikaingia ndani nikaitoa ile redio, nikaiweka juu ya benchi lake la kazi, nikauchukua mkono wake na kuuweka kwenye spika. Aliuacha pale muda mrefu, kichwa ameinamisha. Kisha akatabasamu kidogo.

"Huyu anapiga katikati sana," akasema. "Bati litabonyea. Mwambie aanze na kingo."

Hapo nililia. Nikamwambia, "Nisamehe, baba." Akauliza, "Nini?" Nikarudia kwa sauti, Odhiambo akatazama chini. Nikarudia tena mpaka majirani wakatoka milangoni. Kusoma hakujua; angejua, ningemwandikia. Baba akaitikia kwa kichwa, vile mtu huitikia akiwa hajasikia na hataki kukusumbua. Nikamrudishia nyundo yake, nikamshikia bati.

Nilimshikia bati kila Jumamosi mpaka alipofariki, na labda alielewa. Sijui. Nimezeeka na swali hilo, na sitaki nawe uzeeke nalo.

Kwa hiyo sikuambii uache muziki wako. Sikiza, hata wa hao wanaogonga mabati. Siku hizi mimi mwenyewe naupenda. Ila mama yako akirudi kutoka kazini leo, mwulize ameshindaje, kisha umngojee ajibu. Na kama kuna samahani unayopaswa kumwomba, iseme akiwa bado anaisikia. Usiniache hata mimi nyuma. Sikio langu la kushoto limeanza kufifia, ndiyo maana nimekukalisha upande wa kulia.

Mungu akuzidishie umri, mwanangu, na kila neno jema utakalomwambia umpendaye limfikie. Haya, sasa niambie, umeshindaje?