Posa ya Felix Katikati ya Ruvuma

Felix, fundi umeme wa magari pale Newala, alikuwa na maadui wawili kazini: jua na vumbi. Kila alipounga nyaya alizizungushia tepu, kisha akayasukuma maungio chini kabisa, gizani, kusikofika jua wala vumbi. Maji hayakumpa wasiwasi. Kwao maji hununuliwa kwa ndoo. Nani angeyamwaga kwenye nyaya?

Basi akampenda Veridiana. Na kwa Wamakonde, baba wa binti anaweza kukuchekea mpaka jino la mwisho likaonekana, lakini neno la posa analo mjomba. Mjomba mwenyewe, Optatus, aliishi bondeni, akivusha watu Mto Ruvuma kwa mashua ya injini iliyokula chumvi nyingi, nyaya zikining'inia ndani yake kama matumbo ya mbuzi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Tengeneza kwanza hizo nyaya, halafu tutazungumza."

Felix akazinyoosha, akazifunga pamoja, na maungio yote akayalaza sakafuni chini ya mbao, kwa unadhifu wa kujisifia. Mjomba akaamua wavuke wote watatu, yeye, Felix na Veridiana, waijaribu.

Mashua kuukuu haikosi kuvuja. Walipofika katikati, maji yaliyojikusanya chini ya mbao yakayafikia maungio, pampu ya mafuta ikakosa umeme, injini ikazima. Mkondo ukaanza kuwapeleka walikojilaza viboko. Felix akaogopa kwelikweli. Aling'oa mbao, akazivua nyaya majini, akazikausha kwa shati, akaziunga upya na kuzishika juu kwa mikono miwili. Mjomba akawasha; injini ikanguruma.

"Usiziachie," akasema mjomba, akikamata usukani. "Haya, tuzungumze. Unakunywa?"

"Sikukuu tu, mjomba."

Veridiana, aliyekuwa akichota maji kwa sufuria, akakohoa.

"Na Jumamosi," Felix akaongeza.

"Una mtoto wa nje?"

"Sina, mjomba."

"Mikorosho?"

"Michache. Na mingine imezeeka."

Mbung'o akatua shingoni mwake, akanywa damu mpaka akashiba. Machozi yakamtoka Felix, mikono ikabaki juu mpaka ufukweni.

Kesho yake akaanza upya. Maungio akayapandisha chini ya kiti, akayapaka grisi, akayafungia ndani ya boksi la plastiki lenye mfuniko. Nyaya akazibana ubavuni mwa mashua, kila moja na uzi wa rangi yake. Kisha akasimama mbele ya mjomba, akijua kwamba leo ama anapewa mke ama anafukuzwa.

Mjomba akalifungua boksi, akachungulia, akalifunga.

"Limekaa vizuri," akasema. "Ungefunga hivi tangu mwanzo, ningekunyima."

Felix akalifungua boksi tena, naye akachungulia.

"Ningejua tu kwamba wewe ni fundi, basi. Mafundi wapo wengi. Jana mpwa wangu alikuwa ndani ya mashua, na wewe hukuachia. Kalete wazee wako."