Miaka Sitini Niliyoigawa

Msinione nacheka nanyi mkadhani nimesahau. Mke wangu Apolonia, Mama Zipora, alikuwa mtu wa kucheka. Hata ugali ukiungua alicheka tu: "Baba Zipora, kula, leo nimekuongezea na ukoko."

Mimi, Kalisti, nilikuwa karani wa hospitali moja ya misheni upande wa Geita, miaka ya sabini. Niliandika jina la mgonjwa, kijiji na umri. Huo umri sasa, kazi kweli kweli! Nani alijua mwaka aliozaliwa? Nilikuwa namuuliza mama wa Kisukuma, "Mayu, mwaka walipokuja nzige wewe ulikuwa mkubwa kiasi gani?" Akisema alikuwa anachunga ndama, napiga hesabu. Foleni ikiwa ndefu, habari za nzige naziacha, namtazama usoni tu. Wenye saratani walikuja wamekonda, ngozi imesinyaa. Nikaandika sitini, nikaita mwingine.

Kila mwaka Dar es Salaam walitaka hesabu ya wenye saratani, vijana kando, wazee kando, ili ilinganishwe na ya nchi nyingine. Walisema duniani kote wazee ndio wengi. Hesabu yangu ilikuwa na wazee watupu, sawa na ya dunia, na kichwa kikanivimba kwa majivuno.

Mwaka 1976 Apolonia alinishika mkono, akaupeleka kwenye ziwa lake la kushoto. "Baba Zipora, kuna kitu kigumu hapa." Alikuwa na miaka thelathini na miwili, ananyonyesha. Mimi mjuaji nikamjibu, "Maziwa yameganda hayo. Saratani ni ya mabibi, daftari ninalo mimi." Akacheka. Aliniamini, jamani, si nilikuwa mtu wa hospitali!

Tulikanda kwa maji moto miezi saba. Kidonda kilipotoka ndipo nilipompeleka kwa Daktari Marselino. Alimpima, akasema ni saratani, kisha akafungua daftari langu, akashangaa. "Kalisti, miaka minne yote, kijana ni huyu mkeo tu?"

Nikatazama. Chausiku wa Nyarugusu, sitini. Chausiku huyo alikuja na mtoto mgongoni, wa kwake mwenyewe, bado ananyonya! Ugonjwa ndio uliomzeesha. Nikafunua ukurasa, nikamkumbuka mwingine, na mwingine. Hasira zilinipanda, na wa kumpiga sikumwona ila mimi.

Jioni ile nilimwambia Apolonia yote. Akasema, "Basi mimi niandike vizuri."

Nikaandika thelathini na mbili. Alifariki kabla ya mvua za vuli.

Siku hizi ugali najisongea mwenyewe. Ukiungua nageuka kumtafuta, natamani nisikie kicheko chake mara moja tu, hata kama ananicheka mimi. Miaka sitini niliwagawia bure wanawake wa watu. Mke wangu sikumpatia hata thelathini na tatu.