Vikombe Sita vya Daktari Moodley

Ladislas Ngoie hajawahi kunywa kokteli. Kanisa lake la pale Point, mjini Durban, halikubali hata bia, na yeye ndiye mpiga kinanda wa kwaya, mtu anayekaa mbele ambapo kila mmoja anamwona. Hata hivyo, mwaka 2013 ilikuwapo nyumba moja Morningside ambako kokteli haikumiminwa kabla yeye hajaulizwa.

Alizaliwa Lubumbashi, mtaa wa Katuba, na ufundi wake ulikuwa kufua shaba. Mjomba wake alimfundisha kugonga bamba kwa nyundo na tindo mpaka litokeze tembo, au mama anayetwanga, au kichwa cha mtu mwenye ndevu. Wazungu walinunua. Wakongo walionunua waliwapelekea wazungu zawadi. Alipofika Durban mwaka 2009, pamoja na mkewe Félicité na binti yao Grâce, alikuja na nyundo tatu na tembo wawili. Tembo mmoja alinunuliwa na mchungaji. Wa pili alitundikwa chumbani kwao Point, juu ya jiko, akawa mweusi kwa mafuta.

Félicité alipata kazi ya kusuka katika saluni moja mjini. Ladislas alivaa kizibao cha rangi ya chungwa, akawa mlinzi wa magari mbele ya mikahawa ya Florida Road. Kazi yenyewe ni kumwonyesha mtu kwa mikono nafasi ya kuegesha ambayo tayari ameiona, kisha kulitazama gari lake mpaka arudi. Alitazama magari miaka minne. Mtu akimuuliza kazi yake ya Kongo, alijibu, "Nilikuwa fundi," kwa sauti ya mtu anayesema nilikuwa na nywele.

Jumamosi moja Daktari Moodley, daktari wa meno mstaafu aliyeishi mitaa miwili kutoka pale, alikuwa akipanga vitu kwenye buti ya gari lake. Boksi likafunguka chini, kikombe kikaanguka kwenye lami. Ladislas alikisikia kabla ya kukiona. Akakiokota, akakigonga kwa ukucha.

"Madam, wamekuuzia hii kama shaba?"

"Ni shaba. Imeandikwa kwenye boksi."

"Boksi linasema shaba. Kikombe kinasema chuma."

Mkoba wa Daktari Moodley ulikuwa na kifungo cha sumaku. Ladislas aliomba ruhusa, akakisogeza kikombe karibu, na kikombe kikaganda kwenye mkoba kikining'inia. Wote wawili wakakitazama kwa muda.

Daktari alieleza kwamba tangu astaafu, kila Jumapili alasiri marafiki watano hukaa barazani kwake, naye huwachanganyia kokteli. Ilikuwapo moja ya vodka, ndimu na soda kali ya tangawizi, ambayo alisoma mahali kuwa ni lazima inywewe katika kikombe cha shaba, kwa sababu shaba hushika ubaridi.

"Wewe unaweza kutengeneza vya kweli? Sita?"

Ladislas alisema anaweza, kabla ya kufikiri. Hakuwa amekubali jambo bila kufikiri tangu siku ya harusi yake.

Nyumbani, Félicité aliuliza kwa Kiswahili chao cha Lubumbashi. "Papa Grâce, unaenda kufulia watu bikombe ya pombe?"

"Kikombe haiko pombe."

"Na mlango ya bar haiko bar?"

Ladislas alifikiri. "Seremala njo anatengeneza ule mlango. Na yeye hakunywi."

"Anakunywa," alisema Félicité. "Maseremala wote banakunywa."

Shaba aliipata kwenye yadi ya vyuma chakavu: tangi kuukuu la kuchemshia maji. Kwa kuwa siku zile nyaya za shaba ziliibwa sana mjini, alitembea na risiti katika mfuko wa shati, akamwonyesha hata dereva wa taksi, ambaye hakuwa ameuliza. Alifulia nyuma ya jengo, juu ya gogo. Siku za kwanza nyundo ilikuwa nzito kuliko alivyoikumbuka. Siku ya tano ikawa nyepesi, naye akajikuta anaimba sauti ya pili ya wimbo wa kwaya, jambo ambalo mpiga kinanda hatakiwi kufanya.

Vikombe vilikuwa vizuri. Daktari Moodley alivipanga mezani, akavigeuza kimoja kimoja. Ladislas alirudi kwenye magari yake akitembea katikati ya barabara.

Jumatatu aliitwa. Daktari alimmiminia soda ya tangawizi katika kimoja cha vile vikombe, akakamulia ndimu, akatia barafu. Vodka hakutia, kwa kuwa alikwisha kujua habari za kwaya.

"Subiri kidogo," alisema. Wakasubiri. "Sasa kunywa."

Ladislas akanywa. Kinywa chake kikajaa ladha ya sarafu.

"Mgeni wangu mmoja amesema ni kama kubusu bomba," alisema Daktari Moodley. "Na ile ni ndimu inayokula shaba, na shaba inaingia tumboni. Nimetumia miaka thelathini na minne kuwazuia watu wasitie upuuzi mdomoni."

Ladislas alikiweka kikombe chini. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. "Madam, mimi nilikuwa nafanya tembo. Hakuna mtu anayelamba tembo."

Aliomba wiki moja. Alijua dawa yake: vyombo vya zamani vya shaba vilipakwa bati kwa ndani. Alinunua waya wa kulehemu, ule wa mafundi simu, akauleta uonwe kwanza. Daktari alivaa miwani, akasoma maandishi kwenye kigurudumu. Karibu nusu yake ilikuwa risasi. Kwa Kiswahili risasi ni risasi, iwe ya bunduki au ya waya, hivyo Ladislas hakuhitaji maelezo zaidi.

"Nenda kwa Hoosen," alisema daktari. "Ndiye aliyepaka sufuria za harusi yangu."

Goolam Hoosen alikuwa na karakana nyuma ya duka la vitambaa, katikati ya mji. Alikuwa amebaki peke yake katika kazi ya kupaka bati zile sufuria kubwa za shaba za kupikia biriani ya harusi. Wanawe waliuza matairi. Alivichukua vikombe, akavigeuza, akavigonga.

"Nani amefua?"

"Mimi."

"Ukingo huu umepinda."

"Ndiyo, mzee."

"Hivi vingine vitano havijapinda."

"Ndiyo, mzee."

Hoosen aliwasha moto. "Vya kunywea nini?"

Ladislas alizitazama zile sufuria za harusi, na kofia nyeupe ya mzee. "Tangawizi," alisema.

"Tangawizi tu?"

"Na ndimu." Hoosen akachochea moto. "Na barafu."

Hoosen alikishika kikombe kwa koleo, akakipasha moto, akanyunyiza unga mweupe uliotoa moshi wa kuwasha pua. Akagusisha kijiti cha bati, likayeyuka. Kisha kwa bonge la pamba akalisambaza kwa mzunguko mmoja, na ndani ya kikombe pakawa peupe, panang'aa kama kisu kipya. Ladislas alikuwa amewahi kuona kazi nzuri, lakini hii ilifanywa na mtu asiyeitazama hata kidogo.

Kwenye kikombe cha tatu siri ilimshinda. "Mzee, na vodka pia inatiwa."

Hoosen hakuinua kichwa. "Umesema tangawizi. Nimesikia tangawizi. Masikio yangu yamezeeka, hayabebi vitu vingi."

Hakutaka malipo. Alimwonyesha sufuria tatu zilizobonyea, zenye kimo cha mtoto wa miaka mitano. Ladislas alizinyoosha kwa siku mbili, kwa nyundo yake mwenyewe, na Hoosen alipitisha kiganja juu yake akitafuta pale palipokuwa pamebonyea. Hakupapata.

Jumapili iliyofuata Ladislas alikaribishwa barazani. Alisimama karibu na ngazi, mikono nyuma, kama kwenye kazi yake. Wageni wakanywa. Hakuna aliyetaja bomba. Yule aliyelitaja kwanza akaongezewa.

Lakini mmoja wa wale watano alikuwa kaka yake Daktari Moodley, jina lake Siva, mwalimu mstaafu. Vidole vyake vilikuwa vimevimba viungo na kujikunja, wala havikupita kwenye mkono wa kikombe. Alikikumbatia kwa viganja viwili, kama mtoto mwenye uji, na kwa kuwa shaba ilikuwa baridi mno, alikiweka chini kila mara akajipangusa kwenye suruali. Hakulalamika. Wengine walikuwa wakicheka kitu kingine. Ladislas, aliyekuwa ametazama mikono ya watu ikitafuta funguo kwa miaka minne, aliona hilo tu.

Walipoondoka, alikiomba kile kikombe.

"Kina kasoro?" aliuliza daktari.

"Kikombe hakina. Mimi ndiye sikuuliza ni cha nani."

Akakitoa mkono wake, akafua mwingine mpana, wa kuingia kiganja kizima, akauinamisha nje kidogo ili kifundo cha mkono kisipinde. Mara tatu aliutengeneza, mara mbili akautupa. Jumapili Siva alipitisha mkono wote, akainua, akanywa. Akakiweka chini. Kisha akakiinua tena, kikiwa kitupu.

"Nani amefanya hiki?" aliuliza.

"Fundi," alisema Daktari Moodley. "Yule pale kwenye ngazi."

Ladislas alisalimia kwa kichwa. Baadaye alimwambia Félicité kwamba vumbi la Morningside siku hizi linaingia sana machoni.

Marafiki wanne wa daktari waliagiza vyao, na majirani zao wakafuata. Ladislas hakukubali kazi kabla ya kumpa mtu mkono na kuutazama. Ukingo uwe mwembamba, aliwaambia, maana mdomo haupendi kitu kinene. Ndani kuwe na bati safi, na siku bati likichakaa kirudishwe. Kikombe kisiwe kipana sana juu, barafu itakufa. Na chai msitie, mtaungua. Aliyasema haya yote kwa uhakika wa mtu aliyevinywea vyote, akiwa ameshika glasi ya maji.

Kufikia mwaka 2014 alifanya kazi kwa Hoosen siku nne kwa wiki, na magari akayatazama siku mbili. Chini ya kila kikombe aligonga herufi zake mbili.

Félicité hakulisema tena lile neno la mlango wa baa. Siku moja aliomba kikombe chake, cha maji, na Ladislas akamfulia kidogo, chenye mkono wa vidole vitatu. Asubuhi iliyofuata alikuta mkewe amekaa mezani na kitambaa kibichi kimebanwa mdomoni. Kikombe kilikuwa mbele yake, kinatoa mvuke.

"Nilisema haiko ya chai," alisema Ladislas.

"Ulisema kwa ba Morningside. Miye hukuniambia."

Ilikuwa kweli. Akakichukua, akaenda kumtafutia kikombe cha plastiki.